Hilux ya zamani otomatiki: niweke Dexron III, Dexron VI au T-IV?

Kijana_Mambrui: Wadau salaam aleikum. Nina Hilux ya zamani otomatiki, oili ya gia imekuwa nyeusi na asubuhi nikitia D inakaa kidogo ndo inashika. Nimezunguka maduka ya spea hapa Malindi mjini, mmoja aniambia T-IV ndo ya Toyota, wa pili asema Dexron VI ndo mpya, wa tatu ana WS, oili nyingine ya Toyota, akaniapia zote ni moja bora iwe nyekundu. Nataka kununua wiki hii kabla gari haijaenda Marafa kupakia maembe. Ipi inafaa?

Fundi_Barani: Hilux gani kaka? Hizo zinaundwa tangu 1968. Mwaka gani, petroli au dizeli, na oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho?

Shela_Pwani: T-IV tu. Gari ya Toyota, oili ya Toyota, maneno mengine ya nini.

Fundi_Barani: @Shela_Pwani T-IV ni nzuri kwa gari iliyoandikiwa T-IV. Za kabla ya hapo nyingi ni Dexron. Mwenye gari achomoe stiki ya kupimia oili ya gia asome, mara nyingi aina ya oili imechapwa pale pale kwenye bati.

Kijana_Mambrui: Ni ya 1995, dabo kebini, dizeli 2.8, ya Japani. Oili sijui ilibadilishwa lini, gari nimenunua kwa mtu. Stiki nimeipangusa, herufi zimelika lakini yasomeka DEXRON II.

Fundi_Barani: Basi WS iweke kando kabisa, ni nyepesi na imeundiwa giaboksi za baadaye. II imeshapitwa, III ndo ilishika nafasi yake. Sasa sikiliza, GM (General Motors, wenye jina la Dexron) waliacha kutoa leseni ya III mwisho wa 2006, kwa hivo kopo la leo likiandikwa Dexron III hakuna anayelikagua isipokuwa aliyelitengeneza. Chukua kampuni inayojulikana, kopo lenye sili, usipimiwe kutoka kwa pipa.

Mzee_Korosho: Mie nasema VI. GM wenyewe wamesema inaingia mahali pa II na III, inavumilia joto na haichoki upesi. Na joto letu la Kaskazi unalijua, gari imebeba tani na yapanda polepole kwenye mchanga, oili inapikika.

Fundi_Barani: Mzee wangu kwa joto nakubali. Ila sili za giaboksi ya 1995, zile za kuzuia oili isivuje, mpira umeshakauka, na VI ni nyepesi kuliko III, itatafuta njia ya kuvuja. Mimi nabaki na III.

Gongoni_Chumvi: Nyinyi mwabishana kopo na mie nataka mjue kinachoua hizi gia ni kipimo. Pikapu ya ami yangu ilipelekwa gereji moja, sitaji jina, oili ikawekwa sawa kabisa Dexron III lakini yule fundi akapima injini imezimwa, stiki ikamwonyesha imejaa akafunga boneti, kumbe injini ikiwaka pampu inavuta oili juu na chini panabaki patupu, basi tumepakia chumvi hapa Gongoni twaelekea Malindi, hatujafika daraja la Sabaki injini inalia gari haiendi, kuchomoa stiki oili ina povu kama maji ya sabuni na inanuka kuungua, klachi zote zikaisha. Oili ipimwe gari iko tambarare, imeshatembea ikapata moto, injini inanguruma, uipitishe gia zote halafu urudi P ndo upime.

Mzee_Korosho: Pole sana. Hilo la kupima wengi hawalijui wallahi.

Shela_Pwani: Mimi ningeosha yote kwa mashine, oili nyeusi haifai kubaki hata tone.

Fundi_Barani: Hapana, kwa giaboksi isiyojulikana historia yake usisukume kwa mashine, uchafu ulolala utaziba vijia vya valvu. Mwaga ya kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, badilisha filta, jaza, tembea nayo, rudia tena, maana nyingine hubaki ndani ya konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi. Sampu ikishuka tazama zile sumaku: ungaunga wa kijivu laini ni kawaida, vipande vinavyong'aa ni klachi au beringi zinaondoka, na hapo hakuna oili itakayokusaidia.

Kijana_Mambrui: Ikiwa ni vipande je, niuze?

Shela_Pwani: Toa hiyo otomatiki uweke gia ya mkono, kwa mzigo ndo salama.

Mzee_Korosho: Kubadilisha gia ni gharama kubwa kuliko kuongeza kula (cooler, ya kupoza oili) mbele ya radieta. Mwanangu ya kwake alifunga kula, anabeba mawe ya matumbawe kila siku.

Gongoni_Chumvi: Hiyo kula alitoa wapi mzee? Mombasa au hapa hapa? Na mabomba aliunganisha na ya radieta ama aliyaruka?

Mzee_Korosho: Mombasa. Mabomba nitamuuliza akirudi Watamu.