Wasifu wa Baba

Kaka Mkubwa: Mama, Baba Mdogo, shikamooni. Wadogo zangu, poleni tena. Wasifu wa Baba unatakiwa umfikie msomaji kesho jioni, na nilichonacho mpaka sasa ni orodha ya vyeo tu. Nimeanza hivi: "Marehemu alikuwa mhandisi wa migodi aliyebobea katika mzunguko wa hewa chini ya ardhi, mume mwema, na baba aliyekuwapo daima kwa ajili ya familia yake." Naomba masahihisho na nyongeza, ila tubaki kwenye wasifu, mambo ya usafiri yana kikundi chake.

Dada: Kaka, nakubali yote isipokuwa hayo maneno "aliyekuwapo daima". Nilipozaliwa alikuwa chini ya mgodi, akanipakata kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa siku nne. Simlaumu. Ila simjui mtu aliyechukia ripoti za kupambwa kuliko Baba, na sitaki asomewe sentensi ambayo yeye mwenyewe angeikata kwa kalamu nyekundu.

Kaka Mkubwa: Wasifu si ripoti ya ukaguzi, mdogo wangu.

Dada: Wa kwake ungekuwa.

Mama: Marahaba, wanangu. Naona mmefika asilimia nne, kwa hiyo fungueni madirisha. Binti yangu anasema kweli: siku zile pampu ilikuwa imeharibika, na wenzake walikuwa wakipambana maji yasiwafungie njia ya kutokea. Alipofika hospitali alikuwa na tope kwenye nyusi, na muuguzi akamrudisha mlangoni akanawe kwanza. Ondoeni hilo neno "daima".

Mjukuu: Shikamoo Bibi, shikamooni nyote. Asilimia nne ya nini?

Dada: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni methani, gesi ya migodi ya makaa ya mawe. Ikiwa chini ya takriban asilimia 5 ya hewa ni chache mno kulipuka, na ikizidi 15 hewa inakuwa imepungua mno kuulisha moto. Hatari iko hapo katikati. Babu yako alitufundisha hilo kabla ya jedwali la kuzidisha, na kila tulipoanza kugombana alichungulia mlangoni akauliza, "Mmefika ngapi?" Alikuwa akisema kazi yake yote ni kuhakikisha hewa inapita kabla hesabu haijafika tano.

Baba Mdogo: Marahaba, wanangu. Shemeji, pole sana. Naomba miaka ya mwanzo ya kuhama kwake isirukwe. Kaka yangu aliondoka kwetu akiwa na shahada ya uhandisi mkononi, lakini ofisi iliyohusika huko alikohamia iliikataa mpaka arudie mitihani, na kwa miaka mitatu kazi yake ikawa kumshikia mpimaji mwingine kijiti cha vipimo, mpimaji ambaye (nasema haya bila kinyongo, au tuseme kwa kinyongo kidogo) alikuwa akimwuliza yeye hesabu. Barua zake hazikulitaja jambo hilo hata mara moja. Zilieleza mwamba. Ninayo moja yenye ukurasa mzima juu ya namna ya kuligonga dari la mgodi kwa fimbo ya chuma: mwamba mzima hulia kama kengele, na uliokwisha kuachana ndani hutoa sauti nzito ya kitu chenye uwazi, na hapo ndipo usipoweka kichwa chako.

Kitinda Mimba: Ndiyo maana aligonga kuta za kila nyumba tuliyokwenda kuipanga! Mama, unamkumbuka yule mwenye nyumba aliyeuliza kama Baba anatafuta hazina? Kisha akatoa uzi wa kushonea mfukoni, akaushika mbele ya dirisha ili aone unaelekea wapi, na chumba ambacho uzi wake haukutikisika hakulala mtoto.

Mjukuu: Je, tarehe 8 Agosti ilikuwa nini? Babu alikuwa haongei siku hiyo, nami nilidhani ni kumbukumbu ya ndugu.

Kaka Mkubwa: Kwa hesabu yake walikuwa ndugu. Siku hiyo mwaka 1956, katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier huko Marcinelle, Ubelgiji, lifti ya mgodi iliondoka wakati kigari cha makaa hakijaingia sawasawa. Kikachomoza pembeni, kikaharibu bomba la mafuta na nyaya za umeme, moto ukazuka, na moshi ukasambaa mgodini. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia waliokwenda huko kutafuta riziki. Baba hakuwahi kufika Ubelgiji. Lakini alikuwa mgeni miongoni mwa wageni, na alishikilia kwamba ishara ya kengele ya lifti isipoeleweka na mtu mmoja, basi haijaeleweka. Alijifunza kuhesabu mpaka kumi kwa lugha ya kila mtu wa zamu yake, kwa matamshi ya kutisha.

Kitinda Mimba: Kaka, andika pia habari za kibao cha namba, maana wajukuu wanadhani ni pambo.

Kaka Mkubwa: Nilikuwa nakikwepa, nanyi mnajua kwa nini. Mgodini, anayeshuka huchukua kipande chake cha shaba chenye namba, na akirudi hukitundika, ili aliye juu ajue kwa kutazama tu nani bado yuko chini. Baba alipigilia kibao kama hicho mlangoni petu, kila mtu na msumari wake. Nikiwa na miaka kumi na saba nilitundika namba yangu, kisha nikatokea dirishani. Niliporudi alfajiri nilimkuta ameketi kando ya kibao. Hakunigusa. Alisema, "Ungekufa usiku huu, sisi tungelala, kwa sababu kibao kinasema umerudi." Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia, na nadhani ndiyo inayostahili kuingia mahali pa "daima".

Dada: Iingie, Kaka, kama alivyoisema. Mama, namba yake iko wapi sasa? Nilipopita jana msumari wa kwanza ulikuwa mtupu.

Mama: Imo mfukoni mwa koti alilokwenda nalo hospitali. Sijaitoa. Kaka yenu amalize kuandika, nanyi mkifika kesho kila mmoja atundike yake kwanza, nione waliokwisha kuingia.