Yule bwana wa getini ufukweni AMEONJA BAHARI mbele ya mama mkwe wangu!

Mpwani_Mkali (mleta uzi):
Wakuu, naandika bado nina mchanga masikioni. Yule bwana wa getini kule Raskazone, jina silitaji, wa Tanga wote mnamjua, yule mwenye funguo nyingi kuliko milango. Leo kanionjea bahari. Naam. KANIONJEA BAHARI.

Mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Kiingilio tumelipa, hata mtoto wa mgongoni kalipiwa. Tunafika majini, rangi siyo, harufu siyo, mtaro unamwaga pale pale watoto wanapoogelea, na pampasi inakata mawimbi utadhani jahazi la Pemba. Nikamfuata kwa adabu: kaka, haya maji kuna anayeyapima? Hakujibu. Kakunja suruali, kaingia hadi magotini, kachota kwa kiganja, KAONJA, katafuna kidogo (maji anayatafuna!), kisha akautangazia umati, mama mkwe wangu akiwemo: "Chumvi iko sawa."

Mimi nimeuliza chumvi? Na hata kutema hakutema, wakuu. Alimeza. Akajifuta mdomo: "Bosi, bahari haina uchafu, ukiogopa kaogee beseni."

Mama mkwe kacheka hadi mtandio ukadondoka. Tangu nipeleke posa kwake sijawahi kuyaona meno yake yote. Jioni kaonja mchuzi, kanitazama: "Chumvi iko sawa." Wanangu nao, juisi, uji, dawa ya meno, kila kitu chumvi iko sawa.

Huyu mtu aondolewe. Au apewe koti jeupe tujue moja.

Kibao_cha_Mbuzi:
Alichota juu au chini? Maana sampuli huchotwa chini kidogo ya uso wa maji. Kama alizamisha mkono, huyo ni mtaalamu, muombe radhi.

Mgosi_wa_Mlimani:
Sisi wa Lushoto tunaoga kwa ndoo na heshima yetu tunarudi nayo nyumbani.

Vijidudu_Kwanza:
Mleta uzi ana hoja jamani. Baharini kinachopimwa ni enterokoki, bakteria wa utumboni, na wamechaguliwa kwa sababu wanaivumilia chumvi kuliko wenzao. Kwa Shirika la Afya Duniani, asilimia 95 ya vipimo isipozidi bakteria 40 kwenye mililita 100, hilo ni daraja la juu. Zaidi ya asilimia 5 ya vipimo ikipita 500, ni la mwisho. Wanaoteshwa maabara kama saa 24 hivi, kwa hiyo ukipima leo majibu ni kesho, watu wameshaogelea na kurudi makwao. Mvua kubwa ikinyesha kaeni nje ya maji siku moja au mbili.

Kibao_cha_Mbuzi:
Saa 24? Yule bwana katoa majibu papo hapo, bila umeme.

Mpwani_Mkali:
Chekeni tu. ALIMEZA.

Sina_Haraka:
Sasa mkuu, kinachokuuma ni maji au mama mkwe?

Mwana_Bagamoyo:
Nyie mshukuru. Huku Bagamoyo kuna mwokoaji mmoja, wa huku mnamjua, haingii maji yanayopita goti. Mtu akizama anapiga filimbi. Tena anampigia anayezama, atoke.

Binti_Chuda:
Huyo wenu ana filimbi! Wetu aliazima ya muuza aiskrimu, watoto wakawa wanatoka majini na hela mkononi.

Mzee_Kanzu:
Hakuna anayezungumzia chumba cha kubadilishia nguo? Unalipia kuingia, na mlango wenyewe ni kanga. Kanga ya mtu! Siku ya upepo wa kusi nimesalimiana na jirani zangu wote.

Sina_Haraka:
Pole mzee, hahaha. Mimi lawama zangu ni mihogo ya kukaanga pale nje. Bei imepanda, vipande vimekonda.

Binti_Chuda:
Mihogo ipi? Kama ni ya yule dada wa kibanda cha bluu, usimguse. Ile chachandu yake mtu anaacha mume.

Mwana_Bagamoyo:
Niliacha basi linaondoka kwa ajili ya hiyo chachandu. Sijutii.

Mpwani_Mkali:
Jamani, uzi ni wa MAJI. Mtaro! Pampasi!

Mzee_Kanzu:
Mkuu subiri kidogo, huyu binti amalizie. Chachandu ya embe au ya ukwaju?

Binti_Chuda:
Ya embe. Anafungua saa kumi, ukichelewa unakuta ganda.