Naomba ushauri: riwaya na barua za babu, tunazipandishaje jukwaani?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Niko Iringa mjini, tuna kikundi cha maigizo cha watu saba. Tunaandaa onyesho la dakika 50 kuhusu manamba, wale waliotoka huku kwetu kwenda kukata mkonge Tanga.

Tunatumia riwaya fupi ambayo karibu yote ni mawazo ya mke anayemsubiri mumewe. Halafu kuna barua 11 za marehemu babu yangu, zilikutwa kwenye sanduku la bati kule Makambako pamoja na kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Barua zenyewe kavu: salamu nusu ukurasa, kisha "hela nitatuma". Mimi huo ukavu ndio unaoniuma.

Tulijaribu msimulizi asimame pembeni asome. Tulipowaonyesha majirani Kihesa, bibi mmoja alisinzia kabisa (baridi ya Julai nayo haikusaidia). Tukageuza mawazo yawe mazungumzo na shoga yake. Mke akawa mpiga soga, upweke wote ukayeyuka.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Mawazo ya moyoni mnayageuzaje kuwa vitendo bila mhusika kutamka kila kitu? Kipande kile nahisi kinaweza kubeba kazi hiyo, ila sijui kwa namna gani.

Na mwandishi wa riwaya ameshafariki, lakini miaka 50 ya hakimiliki haijapita. Ruhusa mnaanza kuomba kwa mchapishaji au kwa warithi?