Tupeane uzoefu: malori ya Kiingereza tuliyokulia nayo, na tulivyoyaona yakipotea

Mtoto wa Dereva (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Marehemu baba aliendesha Albion, akishusha kahawa kutoka vijiji vya mlimani hadi Moshi mjini. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja: kufuta vumbi kwenye nembo ya puani, jua linalochomoza, mwale mmoja mmoja, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukubwani ndipo nikajua kwamba Albion ilianzia Glasgow mwaka 1899 na tangazo lake lilikuwa "hakika kama macheo". Leyland, kampuni nyingine ya malori ya Kiingereza, iliinunua 1951, lakini jina likaendelea hadi 1972. Siku tajiri wa baba alipoleta lori jipya limeandikwa Leyland, baba aliinama akachungulia difu, zile gea za ekseli ya nyuma, akasema, "Difu naijua. Jua wamelipeleka wapi?"

Wewe ulikuwa na lipi? Na kwenu lilipotea vipi?

Kaunta ya Spea (Nairobi)
Ndugu, mimi nilikaa nyuma ya kaunta Kirinyaga Road, wazee wakiiita bado Grogan. Kwamba viwanda vya Uingereza vinaumwa hatukusoma gazetini, tuliona kwenye maboksi. Boksi lililokuwa na chapa ya AEC, malori mengine ya Kiingereza, likaja na chapa ya Leyland. Halafu kiwanda cha AEC kule Southall kikafungwa 1979, na mteja wa AEC tukawa tunamwelekeza kwa mtu mwenye gari la kuchinja.

Nionavyo mimi, msiba ulianza 1968. Leyland ya malori ilikuwa inajiweza, ikaunganishwa na kampuni ya magari madogo iliyokuwa imeelemewa. Hela ya malori ikaenda kuziba matundu ya wengine, na 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kuibeba yote. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu yale malori hayakuwa na kosa. Hata kiwanda chetu cha Thika kilianza kwa jina la Leyland Kenya. Leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na kinaunganisha magari ya majina mengine.

Zamu ya Usiku (Lancashire)
Shikamooni wazee. Mimi naendesha lori huku huku yalikozaliwa. Mzee wa Kiingereza aliyenifundisha kazi alianza na Atkinson yenye injini ya Gardner. Injini hiyo ilikuwa pole, mafuta inalamba tu, na ukiitunza inazeeka na wewe. Shida ilikuwa kebini. Ya faiba, baridi inapenya mlangoni, akawa anajifunga blanketi kuanzia kiunoni kwenda chini. Volvo F86 zilipoingia Uingereza 1967 alipewa moja kwa siku moja, akasikia joto miguuni. Aliniambia jioni ile alirudisha funguo kwa shingo upande, na moyoni alijua Waswidi wameshashinda.

Yaliyofuata mnayajua. Bedford, kiwanda cha malori kikauzwa 1987, mnunuzi naye akafilisika 1992. Scammell ya Watford ikafungwa 1988. Foden na ERF, zote za ukoo mmoja pale Sandbach, majina yakakoma 2006 na 2007. Kwenye mji wa Leyland, uliozaa kampuni ya jina hilo, kiwanda bado kipo, kinatoa DAF chini ya Wamarekani wa Paccar. Mjini humo kuna makumbusho ya malori, nilimpeleka mwanangu. Akauliza kwa nini usukani ni mpana hivi. Nikamwambia zamani usukani haukuwa na pawa ya kuusaidia, uliukata kwa mabega.

Mtoto wa Dereva
Kaka, hilo la mabega kweli kabisa. Shati za baba zilianza kuchanika hapo.

Utingo Mstaafu (Singida)
Sisi Bedford TJ, mlima Sekenke, lori limejaa alizeti. Gogo lilikuwa begani mwangu. Ikifika gea ya kwanza naruka chini, natembea kando ya tairi la nyuma, macho kwenye tairi, masikio kwenye injini. Dereva akikanyaga klachi kuna pumzi moja hivi ambayo gari linataka kurudi nyuma, hapo gogo liwe limeshaingia. Nimepanda Sekenke kwa miguu mara nyingi kuliko kwa gari.

Lilipochoka tajiri alinunua Isuzu, akaja chesisi na kebini tu. Bodi la mninga tukalihamisha kutoka kwenye Bedford, tukakata ncha mbili kwa msumeno likakaa. Maandishi ya ubavuni hatukuyagusa.