Kuhesabu viota Fungu Kizimkazi: tujiandaeje tukiwa Dodoma?

Kwale_Nzuguni
Wakuu, kikundi chetu kinataka kuhesabu viota vya ndege wa baharini Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kitupu cha mwamba wa matumbawe kusini mwa Unguja. Mnandi wa Bwawa la Hombolo tunawahesabu kwa darubini tukiwa ukingoni. Huko viota viko chini, wazi, vimesongamana. Njia ipi inafaa, na mazoezi tufanyie wapi huku bara?

Buabua07
Msichanganye ndege. Sula dactylatra, yule mkubwa mweupe mwenye uso mweusi, hesabuni kisiwa kizima kwa darubini: anayeatamia tu, aliyesimama aachwe. Hutaga mayai mawili lakini kwa kawaida hukuza kifaranga mmoja, kwa hiyo hesabuni viota, si mayai.

Buabua mgongo-mweusi hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu. Pimeni eneo lote la viota, kisha tumieni fremu ya kamba ya mita 2 kwa 2. Fremu 30 ni mita za mraba 120. Mkipata viota 48, wastani ni 0.4 kwa mita ya mraba, na eneo la mita za mraba 6,000 lina viota 2,400 hivi. Kiota kilicho juu ya kamba kihesabiwe kwa pande mbili tu, tuseme kushoto na chini, la sivyo jumla inavimba.

Mpimaji_Mtera
Hesabu ni sahihi ila fremu zisitupwe ovyo, maana mkono huelekea penye ndege wengi. Gaweni eneo mapema: katikati penye msongamano, na pembezoni, kila sehemu na wastani wake.

Kupima macho: wa kwanza aweke kipande cha tambi kavu kando ya kila kiota, wa pili apite bila kuambiwa kitu. Wa kwanza akiweka 80, wa pili akaona 70, kati yake 56 vyenye tambi, basi makadirio ya viota vyote ni 80 × 70 ÷ 56 = 100. Vingi hupotea machoni kwa sababu yai lina madoa kama mwamba wenyewe.

Mazoezi? Mwageni njugu mawe zenye madoa kwenye mwamba wowote wa Dodoma. Idadi aijue mmoja tu.

Pwani_Bara
Ingieni alfajiri, mtoke kabla jua halijakali. Ndege akiruka, yai linaungua juu ya jiwe. Mizigo ifunguliwe yote kabla ya kupanda boti: panya mmoja mwenye mimba anatosha kuharibu kisiwa. Na kibali kiombwe upande wa Zanzibar, si Dodoma.