Muuza vifaa vya sanaa ameniambia mbele ya watu kwamba tatizo ni mkono

Mchoraji_wa_Uani

Ndugu wadau, nawasalimu nikiwa bado natetemeka, kwa hiyo atakayeona herufi zimepishana anivumilie. Nimetoka sasa hivi kwa yule bwana. Jina lake silitaji kwa sababu sheria za jukwaa zinakataza, na wala hakuna haja, maana sidhani kama kuna mtu anayechora nyumbani katika jiji hili la Dar es Salaam ambaye hajawahi kupanda zile ngazi nyembamba, akapita chini ya ile feni isiyozunguka, kisha akashuka na mfuko mwepesi na pochi nyepesi zaidi.

Nilikwenda kurudisha rangi. Aliniuzia mirija iliyoandikwa "akriliki" kwa herufi za dhahabu, nami nikaitumia kuchora ngalawa za Kunduchi kwa ajili ya mteja aliyekwisha kulipa nusu ya fedha. Rangi ilikauka, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi nilipopitisha brashi yenye vanishi ya maji, tanga jekundu likaanza kutiririka. Sisemi kwamba lilififia. Lilitiririka, likampitia mvuvi kifuani, likaingia baharini, na lilipofika ukingo wa chini wa kanvasi ufukwe wa Kunduchi ulikuwa umekwisha kuwa machinjio ya Vingunguti. Picha nimeiambatanisha hapo chini, mwenye moyo mdogo asiifungue. Kila anayeshika brashi anajua kwamba akriliki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, kwa sababu maji yake huondoka na chembe zake za plastiki zikashikana kuwa utando mmoja. Inayoyeyuka ni rangi ya mabango, ile ya watoto wa chekechea.

Basi nikaibeba picha nzima nzima kwenye bajaji, nikaiweka juu ya kaunta yake. Dukani walikuwepo wanafunzi wa chuo, mama mmoja wa batiki na kijana anayeandika mabango. Yule bwana hakuitazama picha hata kidogo. Alivitazama vidole vyangu, akanywa chai yake taratibu, kisha akasema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniua: "Dada, picha haiharibiwi na rangi. Inaharibiwa na mkono."

Mkono, wadau! Mimi ambaye nimevumilia kanvasi zake zilizopakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, nyembamba kiasi kwamba ukiinua moja kuelekea dirishani unamwona jirani anaanika nguo. Mimi niliyenunua brashi zake za nywele za nguruwe, zikaniachia nywele nyingi angani hadi mteja mmoja akanisifu kwa kuchora mbayuwayu. Mimi niliyelipia karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, ile nene isiyopaswa kujikunja, ambayo tone la kwanza lilipoigusa ilijikunja na kujifunga yenyewe, tayari kupelekwa posta. Hayo yote nilinyamaza. Leo nimeambiwa mkono, mbele ya wanafunzi, huku mmoja wao akiandika kwenye daftari kana kwamba yuko darasani.

Naomba kuwasilisha.

Brashi_Chakavu

Pole sana, dada. Wewe una bahati, kwa sababu mimi aliniambia tatizo ni macho. Nilimuuliza kwa nini mirija yake haina namba ya pigmenti, yaani ile chembe inayotoa rangi yenyewe, maana bluu ya altramarini huandikwa PB29 na nyeupe ya titani huandikwa PW6 popote inapotengenezwa, na mrija usioandikwa chochote unaweza kuwa na chochote ndani yake. Akanijibu kwamba rangi ni kitu cha kutazama, si cha kusoma, na kwamba nikitaka kusoma niende Maktaba Kuu. Zambarau niliyonunua siku hiyo niliichorea kanga ya bibi yangu, tukaitundika sebuleni mkabala na dirisha, na kabla ya masika kuisha bibi alikuwa amevaa kijivu.

Mzee_wa_Hadibodi

Binti yangu, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972, na hadi leo duniani kote wanachorewa tembo na ndege kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Sijamsikia mtu akisimulia kwamba alipata kurudisha kopo dukani. Wewe una mirija yenye herufi za dhahabu na bado unalia. Tena nimeifungua hiyo picha uliyoambatanisha, na kwa ninavyoona, huyo mvuvi alikuwa na viwiko vitatu hata kabla ya tanga kuyeyuka. Yule bwana hana adabu, jambo hilo sote tunalikubali, lakini katika suala la mkono naomba asikilizwe.

Mchoraji_wa_Uani

Mzee wangu, shikamoo. Kiwiko cha tatu ni kasia.

Kuhusu Tingatinga, ile aliyotumia ilikuwa rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo ikikauka inakuwa ngumu na unaweza kuifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji bila hofu yoyote. Yeye alinunua kopo lililoandikwa rangi ya kung'aa, na ndani akakuta rangi ya kung'aa. Hajapata kutazamwa vidole na mtu anayekunywa chai. Ninyi hamkuwepo, hamkusikia alivyotua kidogo kabla ya kulitamka hilo neno. "Inaharibiwa na... mkono."

Fundi_Mabango

Mimi nilikuwepo. Ndimi yule kijana wa mabango. Kwa kuwa uzi huu utasomwa na wengi, ni haki tuweke kumbukumbu sawa: hakusema "na mkono". Alisema "na mkono wako".

Mchoraji_wa_Uani

Asante sana, ndugu, kwa kunisaidia.

Fundi_Mabango

Hakuna shida. Naongeza pia kwamba ulipoondoka alichukua mrija mmoja kutoka katika ile uliyoiacha, akaufuta vumbi na kuurudisha kwenye rafu. Ushauri wangu kwa wengine ni kwamba kabla hamjalipa, ombeni kujaribu tone moja kwenye kipande cha karatasi, mzunguke dukani mpaka likauke, kisha mlisugue kwa kidole chenye mate. Likitoka, hiyo si akriliki hata ikiwa imeandikwa kwa almasi.

Shanga_za_Kisauni

Poleni ndugu zetu wa bara, lakini nyinyi mnalia kwa sababu ya picha ambayo inaweza kuchorwa upya. Huku kwetu Mombasa niliuziwa shanga za kioo za Kicheki, zile ndogo za namba 10 zinazolingana punje kwa punje, kwa ajili ya mkufu wa harusi. Kosa la kwanza la muuzaji lilikuwa kunibishia kwamba namba ikipanda shanga nayo inakua, ilhali kila mshona shanga anajua kuwa namba ikipanda shanga hupungua. Kosa la pili ni kwamba zilikuwa plastiki iliyopakwa rangi kwa juu. Shanga ya kioo ukiigusisha shavuni ni ya baridi, na ukiigonga menoni inalia; hizi zilikuwa vuguvugu na hazikulia. Bi harusi alipoanza kutoka jasho, shingo yake ikawa ya kijani, na picha zote za karamu zimepigwa hivyo. Nilipomrudia muuzaji, alisema jasho la bi harusi ndilo chafu.

Brashi_Chakavu

Jasho! Hawa watu wamesoma chuo kimoja.

Mama_Batiki_Sinza

Nami nilikuwepo leo pale dukani, ni yule mama aliyetajwa, na nilinyamaza kwa sababu langu lilikuwa kubwa kuliko hilo la mkono. Yule bwana huuza haidrosalfaiti kwa kuipima kutoka kwenye ndoo ambayo haijafunikwa tangu ilipofika. Dawa hiyo ndiyo inayoifanya rangi iyeyuke na kuingia ndani ya nyuzi, kisha ukianika kitambaa hewa ndiyo inayoirudisha rangi yenyewe. Sasa ikiachwa wazi ipigwe na hewa na unyevunyevu wa Dar inakufa kabla hujaigusa, na rangi inakaa juu juu tu, ikasubiri kufuliwa ili iondoke. Nimepoteza jora zima kwa ajili ya ndoo isiyo na kifuniko.

Tena hilo jora aliniuzia yeye, akaapa kwamba ni pamba tupu. Nilivuta uzi mmoja nikauchoma palepale juu ya kaunta. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi. Uzi wake uliyeyuka ukawa kipunje kigumu cheusi, akauzima kwa ile ile chai yake, akaniambia kiberiti changu ndicho kibaya.

Mzee_wa_Hadibodi

Huyo sasa ana malalamiko ya kweli.

Mchoraji_wa_Uani

Na mimi je, Mzee? Mimi nilitukanwa!

Kobe_wa_Ilala

Mama Batiki, samahani kwa kuingilia. Mimi kuzuia rangi isiingie kwenye kitambaa natumia nta ya mishumaa peke yake, na inapasuka kila mahali hadi maua yangu yote yanaonekana yana nyufa. Unachanganya na nini?

Mama_Batiki_Sinza

Mishumaa ni nta ya parafini, mwanangu, na yenyewe ikipoa inakuwa kavu na kuvunjika ukikunja kitambaa. Wengine huzitaka hizo nyufa, lakini kama huzitaki, changanya na nta ya nyuki, kwa sababu hiyo inanyumbulika. Uiyeyushe kwa chungu kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, usiiweke motoni moja kwa moja, maana ikizidi joto inashika moto.

Shanga_za_Kisauni

Nta ya nyuki safi mwaipata wapi? Huku tunauziwa nta iliyochanganywa na mafuta ya kupikia.

Mama_Batiki_Sinza

Mimi naagiza Tabora kwa watu wa asali, inakuja na basi. Ukiinusa lazima inuke asali, na ukiikata kwa kisu kwenye kibaridi inameguka punje punje bila kung'aa.

Mchoraji_wa_Uani

Wadau, nawaomba kwa heshima turudi kwenye suala la mkono.

Mama_Batiki_Sinza

Mkono uvae glavu, mwanangu, hasa ukishika kostiki soda, na ukumbuke kwamba soda ndiyo hutiwa kwenye maji, si maji kwenye soda.

Kobe_wa_Ilala

Hizo glavu unanunua wapi, mama?

Mama_Batiki_Sinza

Kwa yule yule bwana. Zinavuja.