Shangingi na gari dogo: LC300, Range, G63 na Golf GTI, nani anamwacha nani?

Kipara wa Kimara
Wakuu, habari za jioni. Jumapili nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Yeye anadai Land Cruiser 300 ya dizeli inaiacha Golf GTI taa zikiwaka kijani tu. Mimi ndiye mwenye GTI, Mk7 (toleo la 7), kwa hiyo mnaelewa roho ilivyoniuma. Nimechimba namba za watengenezaji wenyewe. Hp ni nguvu ya injini, Nm ni nguvu yake ya kuzungusha (torque), sekunde ni za kutoka 0 hadi 100 km/h:

Golf GTI Mk7: hp 217, Nm 350, sekunde 6.5
LC300 dizeli, V6 (silinda 6) ya lita 3.3: hp 304, Nm 700, sekunde 6.9
LC300 petroli, V6 ya 3.5: hp 409, Nm 650, sekunde 6.7
LC200 dizeli, ile V8 ya waheshimiwa: hp 268, Nm 650, karibu sekunde 9
Range Rover P530: hp 523, Nm 750, sekunde 4.6
Mercedes-AMG G63: hp 577, Nm 850, sekunde 4.5

Kwenye karatasi nimeishinda dizeli ya shemeji kwa nukta 4 ya sekunde. Ila kinachonikosesha usingizi ni hiki: dude la tani 2 na nusu linanikaribiaje namna hii? Na hao wawili wa mwisho wananipita kama nimepaki. Shemeji ana hela ya kununua kweli, anasitasita kati ya LC300 na Range. Naombeni ujuzi.

Mtu wa Segera
Nukta 4 ni kupepesa jicho mkuu. Shemeji akiwahi kukanyaga, wewe utasoma namba yake ya nyuma.

Fundi Dizeli
Kipara, umeuliza swali zuri, acha nikae chini nilijibu.

Gawa nguvu kwa uzito kwanza. Golf yako ina kama kilo 1,350, hivyo kila tani inavutwa na hp 160 hivi. LC300 ya dizeli ni kama hp 120 kwa tani. Kwa hesabu hiyo ungepaswa kumwacha mbali, sio kwa nukta 4. Unapopotezea ni pale pale mnapoondoka. Golf inavutwa na tairi za mbele, na gari likiondoka kwa nguvu uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, tairi zinasaga lami bure. Land Cruiser inasukuma kwa tairi 4 muda wote, ina gia 10 zilizokaribiana, na zile Nm 700 zinapatikana kuanzia mizunguko 1,600 ya injini kwa dakika tu. Haisubiri.

Lakini usidanganyike na Nm pia. Watu wa dizeli (mimi mmojawao) tunapenda kuitaja hiyo namba kama mahari. Kinachofika kwenye tairi ni Nm zikizidishwa na gia. Dizeli inaishiwa pumzi mapema, inalazimika kuingia gia ndefu. Petroli ya Golf inapanda mpaka mizunguko 6,000 na zaidi, kwa hiyo inakaa kwenye gia fupi muda mrefu. Ndiyo maana mara mbili ya Nm haikuzaa mara mbili ya mwendo. Mkishavuka 100 shemeji anaanza kubaki: LC300 inaishia 210 km/h, wewe unavuka 240.

Range na G63 ni habari nyingine. Zile zina zaidi ya hp 200 kwa tani, na zinasukuma kwa tairi 4. Hapo hakuna mabishano, ni hesabu tu. G63 lakini imejengwa kama kabati la nguo. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, na pamoja na hp zote hizo kiwandani wameifunga isizidi 220, labda ulipie kifurushi cha ziada kinachoifikisha 240.

Mdau wa South B
Nyinyi wa Dar mnaongea kama dunia nzima iko usawa wa bahari. Njooni Nairobi. Huku tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) inapumua hewa hiyo hiyo haba, inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Chukua Lexus LX570, V8 ya lita 5.7 bila turbo, hp 383. Ukifika nayo Nairobi zimebaki kama 325. Yaani kutoka Mombasa umedondosha karibu injini ya Vitz nzima njiani! Zenye turbo hazisikii sana, turbo inazunguka zaidi kufidia. Nimeendesha LX ya mjomba Mombasa na huku juu, utadhani ni magari mawili. Katika ile orodha yako zote zina turbo, kwa hiyo mpangilio hautabadilika sana, lakini shemeji asije akashawishika na V8 kubwa isiyo na turbo kwa sababu ya namba ya kwenye brosha.

Mtu wa Segera
Mimi niliona mahali wameandika LC300 inafika 100 kwa sekunde chini ya hizo za Kipara.

Fundi Dizeli
Angalia kama ni namba za Marekani. Wale wanapima 0 hadi maili 60, ambayo ni 96.6 km/h, haifiki 100. Halafu magazeti yao mengi huanza kuhesabu gari likishasogea futi 1. Vitu hivyo viwili tu vinakupunguzia nukta kadhaa. Ukilinganisha, linganisha vilivyopimwa kwa mzani mmoja.

Dada Gia
Kaka zangu, nani kati yenu anaondoka kutoka sifuri kwa kukanyaga mpaka chini? Mimi naenda Tanga kila mwezi. Namba ninayoitaka ni 80 hadi 120, nikiwa nyuma ya lori la saruji Chalinze kuelekea Segera na upande wa pili ni mweupe kwa sekunde chache. Hapo LC300 ni raha, gia inashuka, unapita, unarudi. LC200 nayo inapita, ila unaanza kuomba dua mapema.

Kisha kuna kitu hakimo kwenye orodha: kusimama. Tani 2 na nusu kwenye 100 km/h zimebeba nishati karibu mara mbili ya Golf, na yote inaishia kwenye breki. Ukitoka 100 kwenda 120 spidi imeongezeka asilimia 20, mzigo wa breki umeongezeka asilimia 44. Mashangingi haya yana breki kubwa, sikatai. Ila mtu anafunga pedi za bei ya karanga kwenye gari la mamilioni, halafu anajisifia sekunde 6.9. Na kijijini ni 50 hata kwa G63, tochi haijui hp.

Kwa shemeji: Range ni tamu zaidi, sina ubishi. Kama anaishi Masaki na anazunguka Masaki, achukue. Kama anakwenda Songea kila likizo, LC300 ya dizeli, matangi mawili, jumla lita 110, na fundi atampata popote atakapokwamia.

Kipara wa Kimara
Nimemsomea shemeji yote, kasikiliza kimya. Swali lake lilikuwa moja tu: tairi 4 za G63 ni bei gani? Kabla sijajibu, dada akatoka jikoni akasema hela hiyo ina watoto 5 na bibi wa kupeleka Moshi Desemba, na yeye ameshaongea na mtu wa Noah.

Mtu wa Segera
Noah 0 hadi 100 inapimwa kwa kalenda.

Dada Gia
Ya petroli, na aangalie milango ya kuteleza kama haijang'ang'ania kabla hajalipa.